Zuhura, jirani yetu aliyejifunika mawingu

Jioni moja binti wa miaka minane alikuwa ameketi pamoja na baba yake, askari aliyekuwa katika mapumziko, juu ya mchanga wa ufukwe wa Ziwa Tanganyika, hapa Bujumbura. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya milima ya Kongo, na wavuvi walikuwa wakiwasha taa zao tayari kwenda kuvua ndagala. Juu kidogo ya milima, upande wa Uvira, binti akaona taa moja nyeupe, kali kuliko zote, isiyotikisika.

"Baba," akauliza, "wale wavuvi wamepandaje mlimani na mtumbwi?"

"Ile si taa ya mvuvi, mwanangu. Ile ni Zuhura."

"Ya shangazi Zuhura?"

Baba alicheka sana, akaahidi kumweleza. Alipoanza kueleza akatambua kwamba yeye mwenyewe hakuwa na mengi zaidi ya jina. Ukurasa wenu wa juma hili umeandikwa kwa ajili ya baba huyo na binti yake, na kwa wazazi wote wanaoulizwa maswali jioni wakiwa wamechoka.

Zuhura si nyota, ingawa wazee wetu waliiita nyota ya jioni inapoonekana magharibi baada ya jua kuzama, na nyota ya alfajiri inapolitangulia jua mashariki. Wengine huiita Ng'andu. Nyota halisi huwaka kwa moto wake yenyewe, kama lilivyo jua letu. Zuhura ni sayari, yaani ni dunia nyingine yenye mawe, mabonde na milima, isiyokuwa na mwanga wake, bali huurudisha mwanga wa jua mfano wa kioo. Ukiondoa jua na mwezi, hakuna sayari wala nyota inayong'aa kuishinda. Askari aliyepata kushika lindo la usiku wa manane hana haja ya kuonyeshwa. Anaijua, hata kama hajui jina lake. Katika nchi nyingi imepata kutokea polisi wakapigiwa simu kwamba chombo kisichojulikana kinaning'inia juu ya mji, nao walipofika wakakuta ni Zuhura, imetulia mahali pake.

Hakuna sayari inayotukaribia kama hii. Inapofika karibu kabisa huwa umbali wa kiasi cha kilometa milioni 40. Kwa umbo ni kama pacha wa dunia yetu: upana wa dunia penye ikweta ni kilometa 12,756, na upana wa Zuhura ni kilometa 12,104. Mtoto ambaye mizani yetu humwonyesha kilo 30, huko ingemwonyesha kilo 27. Ndiyo maana, hadi kufikia miaka ya 1950, hata watu wenye elimu waliweza kudhani kwamba chini ya mawingu yake huenda kuna misitu yenye unyevu, mabwawa na wanyama wa ajabu. Hapakuwa na wa kuwakanusha, kwa sababu mawingu yale hayafunguki hata siku moja.

Basi tuseme leo tumepewa chombo cha angani kisichoharibika, tushuke pamoja.

Kiasi cha kilometa 70 kutoka ardhini tunaanza kuingia katika mawingu. Upepo wa huku juu una mbio zaidi ya kilometa 350 kwa saa, nao huizunguka sayari nzima kwa muda wa siku nne hivi. Msitoe ulimi kuonja mvua! Matone ya mawingu haya ni ya asidi ya salfuri, ile ile inayotiwa ndani ya betri za magari, na kila fundi wa magari anajua jinsi inavyotoboa nguo. Mvua ya asidi hunyesha kweli, lakini haifiki chini. Hukaushwa na joto ikiwa bado angani. Tukifika kama kilometa 50 juu ya ardhi, jambo la kushangaza hutokea: joto na uzito wa hewa vinakaribia kufanana na vyetu. Kwa bahati mbaya hapana mahali pa kusimama. Chini yetu ni hewa tupu, na kadiri tunavyoshuka ndivyo tunavyokaribia tanuru.

Tumetoka mawinguni. Mwanga umekuwa wa rangi ya machungwa, na jua lenyewe halionekani, ila ung'avu tu uliotapakaa angani. Wakazi wa Bujumbura wanaweza kuukisia mwanga huo wakikumbuka mwisho wa kiangazi, wakati vumbi na moshi wa moto wa vilimani unapoificha milima ya Kongo kana kwamba imehama. Sasa miguu imegusa ardhi. Joto hapa ni nyuzi 465 za Selsiasi, na kumbukeni kwamba maji ya chai huchemka katika nyuzi 100. Tungekuwa tumekuja na vitu vya nyumbani, tungeona maajabu. Chubwi la mvuvi, lililotengenezwa kwa risasi, lingeyeyuka, kwa sababu risasi huyeyuka katika nyuzi 327. Zinki inayopakwa juu ya mabati ili yasishike kutu ingechuruzika, kwa kuwa huyeyuka katika nyuzi 420. Sufuria ya mama ya alumini ingesalimika, lakini ugali ungegeuka mkaa kabla hajaushika mwiko.

Licha ya joto, kuna uzito wa hewa. Jambo hili ni gumu kidogo kulifahamu, basi turudi kwanza ziwani kwetu. Mwogeleaji anayepiga mbizi huhisi masikio yakibanwa, kwa sababu maji yaliyo juu yake yanamlemea. Kila akishuka mita 10, anaongezewa mzigo ulio sawa na uzito wa hewa yote tuliyonayo duniani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 penye shimo lake kubwa, na ni ziwa la pili kwa kina ulimwenguni baada ya Baikal la Urusi. Ndagala na mukeke hukaa katika tabaka la juu tu, kwa maana chini zaidi hakuna oksijeni. Sasa fikirini mtu ameshushwa kamba hadi mita 900, katika giza ambalo hata samaki hawafiki. Mzigo ambao angeubeba huko ndio ambao hewa ya Zuhura humtwika anayesimama ardhini kwake: mara 92 ya ule tuliouzoea. Ni kama gunia la mahindi juu ya kila ukucha wa kidole gumba, nalo linakandamiza kutoka pande zote kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo hakuna mtu aliyepata kwenda. Vimekwenda vyombo, navyo vimekufa kifo cha askari waliotangulizwa mbele. Marekani ilipitisha chombo chake Mariner 2 karibu na Zuhura mwezi Desemba 1962, nacho kikathibitisha kwamba sayari ile ni ya moto mkali. Muungano wa Sovieti ulishika kazi ya kuteremka. Venera 4 iliingia katika hewa ya Zuhura mwezi Oktoba 1967, ikanyamaza ikiwa bado juu. Tarehe 15 Desemba 1970 Venera 7 ilianguka kwa kishindo baada ya mwavuli wake kuharibika, na wataalamu walidhani imekufa. Baadaye, walipochunguza tena kanda zao, wakagundua sauti hafifu: kwa dakika 23 chombo kile kilikuwa kimelala juu ya mawe ya Zuhura kikiendelea kutoa taarifa ya joto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha binadamu kuzungumza kutoka juu ya ardhi ya sayari nyingine.

Venera 9 ilileta picha mwezi Oktoba 1975: mawe yaliyopasuka, yenye kingo kali, na upeo wa macho. Venera 13, iliyotua tarehe 1 Machi 1982, ilitengenezwa iweze kuishi dakika 32, ikaishi 127, ikatuma picha za rangi za mawe bapa mfano wa vigae vilivyopangwa ovyo. Siku nne baadaye akafika mwenziwe, Venera 14. Huyu alikuwa na mkono wa chuma wa kuubonyeza udongo ili kupima ugumu wake. Vifuniko vya kamera vilipofyatuka, kimoja kiliangukia hapo hapo palipokusudiwa, na mkono ukashuka juu yake. Safari ya mamilioni ya kilometa, na kilichopimwa ni ugumu wa kifuniko! Yeyote aliyepata kusahau ufunguo ndani ya nyumba na kujifungia nje atawasikitikia mafundi wale.

Nchi yenyewe ikoje? Macho hayapenyi mawingu, lakini rada hupenya. Chombo cha Marekani kiitwacho Magellan kiliizunguka Zuhura kuanzia mwaka 1990 hadi 1994, kikachora kwa rada asilimia 98 ya ardhi yake. Karibu majina yote yaliyo katika ramani hiyo ni ya wanawake na miungu wa kike wa mataifa mbalimbali, jambo ambalo shangazi Zuhura hatalichukia. Mmoja wa wachache waliokiuka kanuni ni mlima mkubwa kuliko yote, Maxwell, uliopewa jina la mwanasayansi wa Uskochi kabla kanuni haijawekwa. Kimo chake ni kama mita 11,000. Kilimanjaro ni mita 5,895. Kwa hiyo hata ukiupandisha juu ya Kilimanjaro mwingine, watafika karibu na kilele cha Maxwell bila kuuacha mbali. Kama vile msafiri anayetoka Bujumbura kupanda Bugarama anavyohitaji koti, vivyo hivyo vilele vya Zuhura vina ubaridi kuliko mabonde, lakini ubaridi wenyewe ni wa nyuzi 380. Huko juu rada ilikuta ardhi inang'aa kuliko kawaida, na wataalamu wengine wanaona kwamba ni ukoka wa madini: madini hugeuka mvuke mabondeni, kisha huganda vileleni mfano wa theluji.

Sehemu iliyobaki ni tambarare za lava, zimenyooka mpaka upeo wa macho. Vipo vilima vya mviringo vilivyobapa kama chapati, ila upana wa chapati moja ni kilometa 25. Na upo mfereji mmoja ambao watoto wa Burundi wana haki ya kuutazama kwa jicho la wivu. Mnajua kwamba kule Rutovu kuna chemchemi ndogo na piramidi ya mawe iliyojengwa mwaka 1938, kuonyesha chanzo cha kusini kabisa cha mto Nili. Maji yanayoanzia katika nchi yetu husafiri takriban kilometa 6,650 mpaka bahari ya Misri. Mfereji wa Zuhura, uitwao Baltis, una urefu wa kilometa 6,800 hivi. Maji hayakupita humo. Kilichouchimba kilikuwa kioevu cha moto, lava nyepesi inayotiririka kama uji, nayo ilitiririka mbali kuliko Nili.

Lava nyepesi namna hiyo haiko mbali nasi. Mto Rusizi, unaoingia ziwani karibu na Gatumba, hutoka Ziwa Kivu. Na juu ya Ziwa Kivu unasimama mlima Nyiragongo, ambao lava yake ni miongoni mwa zile zenye mbio kuliko zote duniani. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ikatoka tena, watu wakakimbia usiku wakiwa wamebeba watoto na magodoro. Zuhura ni nchi ya akina Nyiragongo. Watafiti wa Marekani waliozihesabu volkano katika ramani ya Magellan walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata takriban 85,000. Mwaka huo huo wenzao waliolinganisha picha za zamani waligundua kwamba tundu moja kwenye mlima Maat lilikuwa limebadilika umbo na kupanuka kati ya mwezi Februari na Oktoba 1991. Kumbe moto haujazimika.

Na sasa, wazazi, tunaomba sehemu hii msome polepole. Wenyeji wa Goma na Sake wana neno la Kiswahili ambalo wataalamu wa volkano ulimwenguni wamelichukua lilivyo: mazuku. Ni gesi itokayo ardhini, isiyo na rangi, wala haina harufu ya kumwonya mtu. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya katika mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya. Mtu mzima anaweza kupita akiwa na kichwa juu yake asidhurike, na mtoto anayetembea ubavuni pake, au aliyeinama kuokota kitu, akaanguka asiinuke tena. Watu na mifugo wamekufa hivyo. Mtoto akiwa ugenini kule, akikatazwa kushuka katika shimo, asibishane.

Gesi hiyo ni kaboni dioksidi, hewa ya ukaa. Sisi sote huitoa tunapopumua, na katika hewa yetu ni kidogo mno. Hewa ya Zuhura ni gesi hiyo kwa asilimia 96. Sayari nzima ni bonde la mazuku.

Na hiyo ndiyo inayoitia moto. Mtu atasema Zuhura ni ya moto kwa kuwa iko karibu na jua. La! Utaridi iko karibu zaidi, lakini mchana wake haufikii joto la Zuhura, na usiku wake huganda kwa baridi. Tena mawingu ya Zuhura hurudisha angani robo tatu ya mwanga wa jua, hata ardhi yake hupata mwanga mchache kuliko yetu. Lakini mwanga ule mchache ukiisha kuipasha ardhi, joto hutaka kupanda lirudi angani, na gesi hulizuia, kama blanketi linavyozuia joto la mwili wa aliyelala. Zuhura imejifunika mablanketi mengi mno, mchana na usiku, wala haijui kujifunua.

Je, dunia yetu iliiweka wapi gesi yake? Jibu liko mbele ya macho ya kila mtoto wa kambini. Tazama yale mawe yaliyopangwa kando ya njia na kupakwa chokaa. Chokaa hutokana na mawe yaliyochomwa katika tanuru, na mawe hayo yanapochomwa hutoa kaboni dioksidi. Ndimo ilimofungwa. Kwa mamilioni ya miaka mvua iliiosha gesi kutoka hewani, mito ikaipeleka baharini, konokono na matumbawe wakaifanya magamba, magamba yakawa mawe. Ikiwa mawe yote ya chokaa duniani yangechomwa kwa siku moja, tungekuwa na hewa inayokaribia kuwa kama ya Zuhura. Mlinzi wa gereza hilo ni maji. Zuhura haina tena maji ila mvuke kidogo sana; mengine yalipasuliwa na mwanga wa jua huko juu, na hidrojeni yake ikatoroka. Kama zamani ilikuwa na bahari, au haikuwa nayo kamwe, wanasayansi wanabishana mpaka leo. Mwezi Juni 2021 Marekani ilitangaza vyombo viwili, DAVINCI na VERITAS, vya kwenda kuchunguza swali hilo na mengine.

Mwanasayansi mmoja wa Marekani, James Hansen, alianza kazi yake kwa kuyachunguza mawingu ya Zuhura. Kisha akageuza macho kuitazama dunia, na mwezi Juni 1988 akalieleza Bunge la nchi yake kwamba gesi ile ile, inayotoka katika makaa ya mawe na mafuta tunayochoma, imeanza kuipasha dunia joto. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa zimezidi 420. Dunia haiwi Zuhura kwa hilo, mtoto asilale na hofu. Lakini kipimo kinachopanda ni cha gesi hiyo hiyo.

Limebaki jambo moja ambalo binti yule wa ufukweni angelipenda. Zuhura hujizungusha kinyume, tena kwa uvivu mkubwa. Mwaka wake ni siku 225 za kwetu, na kujizungusha mara moja huichukua siku 243. Mtu akiwa huko, kutoka macheo hata macheo mengine atangoja siku 117. Na kama Bujumbura ingekuwa Zuhura, jua lingechomoza Uvira, likatambaa polepole juu ya ziwa, na baada ya karibu miezi miwili lingezama nyuma ya vilima vya Burundi. Mwanafunzi anayechelewa shule angekuwa na wiki kadhaa za kutafuta kiatu.

Zuhura haionekani kila jioni. Hukaa miezi kadhaa magharibi, hupotea, kisha hutokea alfajiri upande wa pili. Na kila miaka minane hurudia mwendo wake karibu vile vile. Ikiwa jioni hii ipo, na baba ana darubini ya mkono, muombeni. Wakati Zuhura inapotukaribia, darubini nzuri huionyesha kama hilali ndogo, jambo ambalo Galileo wa Italia aliliona mwaka 1610. Ila ngojeni kwanza jua lizame kabisa, kwa maana kulielekezea darubini hupofusha. Egemezeni viwiko juu ya ukuta ili mikono isitetemeke, na mfanye haraka kidogo. Ikiisha kuigusa milima ya Uvira, haichukui muda kupotea.